Namna ya kusoma Didake

Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili, ni andiko la Wakristo wa kwanza lenye sura 16 fupi. Usianzie mwanzo. Anza na sura ya 7 hadi ya 10, palipo na ubatizo, kufunga, sala na Ekaristi.

Sura ya 7 isome taratibu, kalamu mkononi, uandike ngazi zake: kwanza maji yaliyo hai, yakikosekana, maji mengine, ya baridi yasipowezekana, yaliyopashwa moto, yote yakikosekana, mimina kichwani mara tatu. Wengi hukwama hapa kwa kudhani "maji yaliyo hai" ni fumbo la kiroho. Sivyo: ni maji yatiririkayo, ya mto au chemchemi. Anayebatizwa hufunga siku moja au mbili kabla.

Katika sura ya 9, kikombe kinatangulia mkate. Usiupange upya utaratibu huo ufanane na misa unayoijua; huo ni ushahidi wa thamani kubwa mno.

Kisha 11 hadi 15. Mtume, yaani mhubiri msafiri, akikaa siku tatu, au akiomba fedha, ni nabii wa uongo. Sura ya 15 inaagiza kuchagua maaskofu na mashemasi tu. Ukiona mapadre hapo, umewaleta kutoka nyaraka za Ignasi, askofu wa kale wa Antiokia.

Njia Mbili, ya uzima na ya mauti, sura ya 1 hadi ya 6, zisome mwisho, ukizilinganisha na Waraka wa Barnaba, andiko jingine la Wakristo wa kale, sura ya 18 hadi ya 20. Kumbuka pia kwamba nakala kuu ya Kigiriki, aliyoigundua askofu Mwothodoksi Philotheos Bryennios mwaka 1873, iliandikwa mwaka 1056.