SOMO: Gemu moja, vioo viwili. Kupanga muonekano wa gemu la simu na kompyuta

Habari zenu wakuu. Wengi mmeuliza kwa nini gemu lililopendeza kwenye laptopu likifika kwenye simu linakuwa vurugu. Nitaeleza kwa gemu langu mwenyewe, maana ndilo lililonitia aibu.

Kwa sasa naliita Karabai. Mchezaji ni mvuvi wa dagaa hapa Mwanza, Ziwa Victoria. Usiku anawasha taa, dagaa wanajikusanya chini ya mwanga, anavuta wavu. Akiwahi, wavu mtupu, akichelewa, wametawanyika. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawaijali taa, kwa hiyo gemu nalo lina siku za kukaa nchi kavu na kushona nyavu.

Mara ya kwanza nililichora kwenye laptopu kwa pikseli 1920 kwa 1080, batani zimebanana chini kama meza za sokoni Makoroboi. Nikampa mpwa wangu kwenye simu. Alibonyeza "Vuta wavu" mara nne, mara zote nne likafunguka duka la vifaa. Akanirudishia simu: "Mjomba, hili gemu linauza tu." Nilifuta muonekano wote nikaanza upya hivi.

Hatua ya 1: Amua mkono kabla ya kioo

Usijiulize kioo kina ukubwa gani, jiulize mchezaji ameshikaje simu. Wangu yuko kwenye daladala ya Igoma, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine una simu. Maana yake simu imesimama na kazi yote inafanywa na kidole gumba kimoja. Hapo nikapata kipimo cha msingi: 720 kwa 1280. Kama gemu lako ni la mbio za magari, simu italazwa na vidole gumba vitakuwa viwili. Hesabu zako zitakuwa tofauti.

Hatua ya 2: Tenganisha ziwa na batani

Hapa ndipo penye somo lenyewe, msipaharakishe.

Gemu liwe na tabaka mbili. Ya chini ni ziwa: maji, mtumbwi, dagaa. Ya juu ni batani, alama na saa. Ziwa linatanuka kufuata kioo. Batani hazitanuki, zinang'ang'ania kingo: ya kona ya kulia ibaki kona ya kulia hata kioo kiwe na upana wa mlango.

Kwenye Godot 4, programu ninayotengenezea gemu, ingia Project Settings, kisha Display, Window, sehemu ya Stretch. Mode weka canvas_items, Aspect weka expand. Batani ziweke kwenye CanvasLayer yake, ndiyo ile tabaka ya juu, kila moja uipe nanga (anchor), yaani uifunge kwenye kona au ukingo wake.

Sasa hesabu. Simu ya 720 kwa 1600 itaonyesha ziwa lote pamoja na pikseli 320 za ziada kwa urefu. Kompyuta ya 1920 kwa 1080 itaonyesha upana wa kama 2276 kwa vipimo vya gemu, yaani zaidi ya mara tatu ya ule wa simu. Ukichora maji ya 720 peke yake, mwenye kompyuta ataona mtumbwi unaelea kwenye utupu wa kijivu.

Wengine huziba pembeni kwa mistari mieusi. Sipendi, gemu linaonekana limeazimwa. Wengine hujaza paneli za takwimu ili pasikae patupu. Hilo ni baya zaidi. Mimi nimechora giza la ziwa na taa za mitumbwi mingine kwa mbali, kama unavyoziona ukikaa Capri Point usiku.

Ila kuna mtego. Dagaa wakitokea pembeni, mwenye kompyuta atawaona mapema kuliko mwenye simu, na hiyo si haki. Kwangu karabai ndiyo imeniokoa: mwanga unafika ndani ya duara la 720 katikati, nje yake hakuna kinachoonekana wala kinachochezwa. Wewe tafuta karabai yako. Inaweza kuwa ukungu, ukuta au magugumaji.

Hatua ya 3: Batani zifuate kidole gumba

Google wanashauri kitu cha kuguswa kisipungue 48 kwa vipimo vya Android (dp), Apple wanasema 44 kwa vyao. Simu ya upana wa pikseli 720 kwa kawaida huhesabiwa kuwa na upana wa dp 360, kwa hiyo dp 48 ni pikseli 96. Chini ya hapo unampa mtu kazi ya kutunga sindano.

Kinachobonyezwa kila mara kikae chini, cha nadra kiende juu. "Vuta wavu" nimeitandaza karibu upana wote wa simu, hivyo mwenye mkono wa kushoto hahangaiki. Duka nimelitoa kabisa kwenye uvuvi. Linafunguka mtumbwi ukirudi mwaloni, pale samaki wanaposhushwa.

Usigandishe batani kwenye ukingo wa chini kabisa, kwani simu nyingi siku hizi mtu akipandisha kidole kutoka hapo anatoka kwenye gemu. Juu nako kuna tundu la kamera. Batani yangu ya kusimamisha ilikaa chini yake wiki nzima bila mimi kujua, kwa sababu simu yangu ni ya zamani haina tundu. Kwenye Godot, amri ya DisplayServer.get_display_safe_area() inakupa eneo lililo salama.

Hatua ya 4: Kidole si kipanya

Kipanya kinaweza kupita juu ya batani bila kubofya, kidole hakiwezi. Maelezo yanayotokea kipanya kikipita tu, mwenye simu hatayaona milele. Tena kidole kinafunika kinachogusa, kwa hiyo bei au idadi iandikwe upande wa juu wa batani, si ndani yake. Kwenye kompyuta ongeza kibodi: kitufe cha nafasi (Space) kwa kuvuta, Esc kwa kusimamisha.

Hatua ya 5: Maandishi na jua

Fonti yangu ndogo kabisa ni 32. Kwenye laptopu ya 1366 kwa 768 inashuka hadi kama 19, bado inasomeka. Mwangaza wa maandishi utofautiane na wa nyuma yake angalau 4.5 kwa 1. Halafu toka nje. Mimi nilipeleka gemu Mwaloni Kirumba saa saba mchana; usiku wangu mzuri wa ziwani ukageuka kioo cha kunyolea, nikaona ndevu zangu tu. Nikapausha rangi ya maji na kuzipa batani ukingo mweupe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Musoma): Mkuu, si rahisi kutengeneza gemu mbili, la simu na la kompyuta?
Jibu: Utafurahi mwezi wa kwanza. Kila ukirekebisha kitu utarekebisha mara mbili, na siku moja utasahau upande mmoja.

Swali (Nyegezi): Kaka, nimeweka kila kitu lakini batani zinabaki katikati ya kompyuta.
Jibu: Umeziweka kwa namba bila nanga. Chagua batani, tafuta Anchors Preset, mpe kona yake. Na hakikisha haiko ndani ya nodi (kipande cha gemu kwenye Godot) ya mtumbwi.

Swali (Bukoba): Sina simu nyingi za kujaribia. Nifanyeje?
Jibu: Vuta dirisha la gemu kwenye kompyuta: lifanye refu jembamba, kisha pana fupi. Makosa mengi yataonekana hapo. Yanayobaki ni ya vidole. Mimi hupanda kivuko cha Kamanga na kuomba abiria wajaribu kwenye simu zao, mzigo ukiwa mkono wa pili. Simsaidii mtu wala simwelekezi, naangalia kidole kinakwenda wapi kwanza.

Swali (Igoma): Na mpwa je, sasa anasemaje?
Jibu: Anasema dagaa ni wachache. Hiyo si kazi ya muonekano, nimemwambia asubiri mwezi uzame.