Mastodon kwa wanablogu: kuanzia kufungua akaunti hadi blogu kufuatwa yenyewe

Mwanablogu akitoka Facebook au X na kuingia Mastodon, malalamiko yake ya kwanza huwa yale yale: nimeposti linki ya makala, hakuna aliyeiona. Ni kweli, wala hakuna kilichoharibika. Mlisho wa nyumbani Mastodon unapangwa kwa muda tu, posti mpya juu, ya zamani chini, na anayeiona ni yule aliyeamua kukufuata wewe, kufuata hashtegi uliyotumia, au kumfuata mtu aliyeisambaza. Hakuna mtambo unaokupigia debe, hakuna tangazo la kulipia. Ukilielewa hilo, hatua zote zilizobaki zitaingia akilini bila shida.

Mastodon ni programu huria ya mtandao wa kijamii iliyoanzishwa na Eugen Rochko, Ujerumani, mwaka 2016. Si tovuti moja. Ni maelfu ya seva zinazoendeshwa na watu na vikundi mbalimbali, na zote zinaongea kwa itifaki (kanuni za mawasiliano) iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, ilipitisha kuwa kiwango rasmi mwaka 2018. Kama vile barua pepe inavyotoka kwa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mwingine, ndivyo aliye seva hii anavyomfuata na kumjibu aliye seva ile. Ndiyo maana anwani ina sehemu mbili: @jina@seva.

Hatua ya 1: Chagua seva, lakini usikeshe juu yake

Watu wengi hukwama hapa wiki nzima bila sababu. Soma kanuni za seva (kila seva inayojiheshimu imeziweka wazi), angalia inaendeshwa na nani na gharama zake zinalipwa vipi, kisha uamue. Kama blogu yako inauza bidhaa, soma mara mbili: baadhi ya seva haziruhusu akaunti za biashara. Ukikosa pa kuanzia, mastodon.social inaendeshwa na wenye Mastodon wenyewe.

Ukichagua vibaya, utahama. Wafuasi wako utahama nao. Posti zako zitabaki kule kule. Kwa hiyo maandishi yako ya maana yakae kwenye blogu, huku pawe pa kuyazungumzia.

Hatua ya 2: Pamba wasifu kabla hujamfuata mtu

Ukimfuata mtu, jambo la kwanza atakalofanya ni kufungua wasifu wako. Akikuta picha tupu na hakuna posti hata moja, atakudhania roboti. Weka picha, eleza unaandika kuhusu nini, posti kitu kimoja cha kujitambulisha na ukibandike juu ya wasifu.

Chini ya maelezo kuna visanduku vya linki. Weka anwani ya blogu yako, halafu ithibitishe. Uthibitisho hapa haununuliwi: unaweka kwenye blogu linki inayorudi kwenye wasifu wako, ikiwa na alama hii:

`<a rel="me" href="https://seva/@jina">Mastodon</a>`

Badilisha seva na jina uweke vyako, kisha rudi kwenye wasifu uhifadhi upya. Mastodon itaitembelea blogu, ikikuta linki hiyo inaigeuza anwani kuwa ya kijani. Msomaji anajua kuwa mwenye akaunti ndiye mwenye blogu.

Ukiwa na nafasi ya kugusa kichwa cha kurasa zako, yaani sehemu ya head ya HTML, ongeza na hii:

`<meta name="fediverse:creator" content="@jina@seva">`

Hii ilikuja na toleo la 4.3, mwaka 2024. Mtu yeyote akiposti linki ya makala yako, hata asiyekujua, jina la akaunti yako litatokea chini ya kadi ya linki (kile kisanduku chenye picha na kichwa cha makala) na watu wataweza kukufuata papo hapo. Sharti moja: kwenye mipangilio ya wasifu, sehemu ile ile ya uthibitisho, uandike kikoa (anwani kuu) cha blogu yako kwenye orodha ya tovuti zinazoruhusiwa kukutaja. Ukiisahau hiyo, jina halitokei. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele chenye faida kubwa kuliko vyote kwa mwanablogu, na ndicho wengi hawakijui.

Kabla hujatoka kwenye mipangilio, washa pia ruhusa ya wasifu na posti zako kuonekana kwenye utafutaji. Tangu toleo la 4.2, watu hutafuta maneno yaliyo ndani ya posti ya mtu pale tu mwandishi wake amekubali.

Hatua ya 3: Fuata hashtegi, kisha watu

Mlisho wako utakuwa mweupe hadi ufuate. Anza na hashtegi za mada yako: itafute, ifungue, bonyeza kitufe cha kuifuata, na kila posti yenye hashtegi hiyo inayofika kwenye seva yako itaingia kwenye mlisho. Baada ya siku chache utawajua wanaoandika vizuri. Wafuate hao, wajibu. Majibu ndiyo yanayokujenga kuliko idadi ya posti.

Hatua ya 4: Andika posti ya makala yako

Kikomo cha kawaida ni herufi 500, na linki yoyote, iwe ndefu kiasi gani, huhesabiwa herufi 23. Tuseme blogu yako ni ya ushonaji na umeandika kuhusu zipu ya kuficha. Wengi wangeposti hivi:

"Makala mpya! Jinsi ya kushona zipu ya kuficha. Bonyeza hapa usome."

Posti hiyo haina cha kujibu. Jaribu hivi:

"Zipu ya kuficha ikichungulia nje baada ya kushona, mara nyingi sindano ilipita mbali na meno. Ifungue, ilaze upande wa meno ukiwa juu, pitisha pasi ya moto mdogo hadi meno yasimame, ndipo ushone karibu nayo. Kona ya chini ndiyo inayosumbua zaidi, nimeipigia picha hatua kwa hatua hapa: [linki]. Wewe unaimaliziaje kona hiyo? #Ushonaji #ZipuYaKuficha"

Asiyebonyeza linki ameondoka na kitu. Aliyebobea ana swali la kujibu. Na anayehitaji picha anajua kwa nini abonyeze.

Angalia herufi kubwa ndani ya #ZipuYaKuficha. Kisoma skrini cha mtu asiyeona hutenganisha maneno kwa herufi hizo. Ukiandika zote ndogo, anasikia mlolongo usioeleweka. Hashtegi mbili au tatu zinatosha. Ukijaza kumi, posti inanuka tangazo.

Picha nazo zina mtego. Ukiambatisha picha kwenye posti, kadi ya linki haitokei. Amua: kama makala ina picha nzuri ya utangulizi, acha kadi ifanye kazi, kama unataka kuonyesha kona ya zipu yenyewe, ambatisha picha na ujue linki itabaki maandishi tu. Kila picha unayoambatisha iandikie maelezo. Jumuiya hii inalichukulia jambo hilo kwa uzito, na wapo wasiosambaza kabisa picha isiyo na maelezo.

Kwenye faragha, chagua ya hadharani ukitaka hashtegi zifanye kazi. Ile ya hadharani lakini kimyakimya huonekana na kila mtu ila haiingii kwenye kurasa za hashtegi. Inafaa kwa posti ya pili na kuendelea ya uzi mrefu, ili usiwajazie watu milisho. Na ile ya waliotajwa tu, tafadhali usiifanye sanduku la siri: haijafungwa kwa usimbaji (kufumba maandishi wengine wasiyasome), na ukitaja anwani ya mtu wa tatu humo ndani, naye anaipokea. Wanaomsengenya mtu kwa kumtaja anwani kamili wamewahi kuaibika.

Hatua ya 5: Sambaza

Nyota ni shukrani tu kwa mwandishi. Haiingizi posti kwenye mlisho wa nyumbani wa mtu mwingine. Kinachoifikisha posti kwa watu wengine ni kitufe cha mishale miwili. Ukipenda kitu, kisambaze. Hata yako mwenyewe unaweza kuisambaza tena saa kadhaa baadaye, kwa ajili ya waliokuwa wamelala. Mara moja inatosha.

Hatua ya 6: Iache blogu ifuatwe yenyewe

Kama unatumia WordPress, kuna programu-jalizi iitwayo ActivityPub. Isakinishe na blogu inapata anwani yake ya @jina@kikoa. Mtu wa Mastodon akiifuata, kila makala mpya inamfikia, na jibu lake linarudi kwenye blogu kama maoni. Ghost, mfumo mwingine wa blogu, nayo ina uwezo wa kufuatwa hivyo ndani yake tangu toleo la 6.

Je, uache basi akaunti yako? La. Blogu inatangaza makala, haipigi soga. Ninavyopenda mimi ni blogu kujiendesha yenyewe, na mtu kuwa na akaunti yake ya kuzungumza, inayoisambaza blogu pale inapostahili. Kama huna WordPress wala Ghost na unatumia roboti ya kuposti linki, iweke alama ya roboti kwenye wasifu wake, watu wasidhani wanaongea na binadamu.

Hatua ya 7: Pima, na uikinge blogu

Takwimu za blogu zinaweza kukudanganya. Seva nyingi za Mastodon hazimwambii mwenye tovuti msomaji ametoka wapi, hivyo wageni hao wanahesabiwa kama waliokuja moja kwa moja. Ongeza alama kwenye mkia wa linki, kwa mfano `?utm_source=mastodon`. Haikupunguzii nafasi ya kuandika, kwa kuwa linki ni herufi 23 tu.

Jingine: ukiposti linki, kila seva inayoipokea huja yenyewe kwenye blogu yako kuchukua kichwa na picha ya kadi. Ikisambazwa sana, mamia ya maombi yanaweza kufika kwa pamoja. Blogu iliyo kwenye hifadhi ya bei nafuu bila kashe (nakala za kurasa zilizowekwa tayari) inaweza kulala chali. Washa kashe kabla.

Ukiamua kuhama seva

Kwanza pakua orodha ya unaowafuata, maana hao hawahami wenyewe. Kisha anzia kwenye akaunti mpya, utangaze humo kwamba ile ya zamani ni yako pia. Ndipo urudi ya zamani na kuanzisha uhamisho. Ukianzia ya zamani, itakataa. Baada ya hapo ni lazima usubiri siku 30 kabla ya kuhama tena, na linki ya `rel="me"` pamoja na ile ya `fediverse:creator` kwenye blogu uzibadilishe ziende kwenye anwani mpya.