Kuombea msitu wa mababu hati ya jamii, Ituri na Kivu

Dekreti 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inairuhusu jamii ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kupewa msitu wake wa kimila bure, bila kikomo cha muda, mradi usizidi hekta 50,000. Anayetia saini ni gavana wa mkoa.

Kwanza ulizeni ofisi ya misitu: pori lenu ni la mbuga, lina konsesio ya mbao (kibali cha kampuni kukata miti), au ni "msitu uliolindwa", jina la kisheria la msitu usio hifadhi wala wa kampuni? Hati hutolewa kwa huo wa mwisho tu. Waelezeni watu mapema pia kwamba madini ya chini yanabaki ya serikali.

Kisha ramani, kabla ya barua yoyote. Wazee, wawindaji na akina mama wachore kwa kijiti mchangani: mito, njia, makaburi, vijiji vya zamani. Baada ya hapo tembeeni na GPS. Kila pembe ya mpaka, simameni hadi mashine ioneshe kosa lisilozidi mita 10. Chini ya miti mirefu hilo huchukua dakika kadhaa, na mwenye haraka hurudi na mpaka uliorukia ng'ambo ya mto. Namba ziandikwe daftarini pia, kwa sababu betri huisha. Jirani wa kila upande atembee nanyi, atie saini papo hapo. Akiletewa karatasi baadaye nyumbani, atadhani mmemwibia.

Kosa baya kuliko yote ni kuandika koo za wenye mashamba peke yao. Kambi ya Wambuti, watu wa asili wa msituni wanaohamahama, ikihamwa, vibanda vya majani huoza upesi, na mchora ramani asiyejua hupaita pori tupu. Wekeni kambi zote, miti ya asali na mahali pa kutega nyavu, kwa majina wanayoyatumia wenyewe. Sheria 22/030 ya Julai 2022 inalinda haki zao. Basi wawe kwenye orodha ya familia na miongoni mwa wawakilishi. Msiitishe mkutano msimu wa asali, wengi wao wako mbali.

Faili ina barua ya ombi, muhtasari wa mkutano uliochagua wawakilishi, orodha ya familia na ramani. Ombi hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze.

Mkishapata hati, undeni baraza la jamii, kamati ya usimamizi, kamati ya ukaguzi na baraza la wazee. Bila mpango wa usimamizi ulioidhinishwa, msiuze mbao.

Tangu Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini zimewekwa chini ya magavana wa kijeshi, na ofisi huweza kuhama ghafla. Kila karatasi mnayopeleka igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na nakala zikae kwa sultani (chifu), kwa Wambuti, na nje ya mkoa.