Namna ya Kuutambua na Kuupima Msambamba kwa Daftari, Rula na Kamba

Hapa Uganda viwanja vingi vya makazi huuzwa kwa kipimo cha futi 50 kwa 100, na mnunuzi akishaona kwamba utepe umesoma 50, 100, 50 na 100 kuzunguka mpaka, huamini kwamba amepata mstatili. Vipimo hivyo vinne havithibitishi mstatili. Vinathibitisha msambamba tu, yaani umbo la pande nne ambalo kila jozi ya pande zinazokabiliana ni sambamba, na msambamba unaweza kuinama bila upande wake hata mmoja kupungua.

Ili uuelewe, chukua ukurasa wa daftari lenye mistari. Laza rula kwa mshazari ikatize mistari miwili unayoitaka, uishike imara, kisha piga mstari kwenye kingo zake zote mbili bila kuisogeza. Kwa kuwa mistari ya daftari ni sambamba na kingo za rula ni sambamba, umbo lililofungwa katikati ni msambamba. Andika A, B, C na D kwenye kona zake kwa kuzunguka, ulikate kwa mkasi, kisha unganisha A na C.

Jaribu kwanza kuikunja karatasi kwenye mstari huo wa AC. Kona ya B haitaangukia juu ya D, na wanafunzi wengi hushangaa hapa, kwa sababu msambamba usio mstatili wala rombasi (msambamba wenye pande zote nne sawa) hauna mstari wowote wa kukunjia. Sasa kata kwenye AC na ukizungushe kipande kimoja nusu mzunguko: kitalala juu ya mwenzake bila ncha yoyote kuzidi. Sababu ni kwamba AC inazikata AB na DC zilizo sambamba, hivyo pembe mbadala BAC na DCA ni sawa. Vivyo hivyo BCA na DAC, kwa kuwa BC na AD ni sambamba. Na upande wa AC ni wa pembetatu zote mbili. Kutokana na hilo AB ni sawa na DC, BC ni sawa na AD, na pembe ya B ni sawa na ya D. Pembe mbili zinazofuatana zina jumla ya nyuzi 180, kwa hiyo ukijua kwamba moja ni nyuzi 70, nyingine ni 110, 70 na 110.

Chora msambamba mwingine, uupige mistari yote miwili ya ulalo, AC na BD, na makutano yake uyaite O. Pima: AO ni sawa na OC, na BO ni sawa na OD. Kila mstari unamgawa mwenzake katikati, lakini urefu wao hauwi sawa isipokuwa umbo ni mstatili, na haikutani kwa nyuzi 90 isipokuwa umbo ni rombasi. Mraba una sifa zote mbili.

Hapo ndipo kamba inapoingia kiwanjani. Katika mstatili wa futi 50 kwa 100, kila ulalo una takriban futi 111.8. Katika msambamba wowote, ukijumlisha kipeo cha pili (urefu mara urefu huo huo) cha kila ulalo unapata jumla ya vipeo vya pili vya pande zote nne, na kwa kiwanja hiki jumla hiyo ni 25,000. Kwa hiyo ulalo mmoja ukisoma futi 100, mwingine utasoma karibu 122.5, na kiwanja kimeinama. Eneo la msambamba ni kitako mara kimo, na kimo ni umbali wa wima kati ya pande mbili, si urefu wa upande ulioinama. Kosa la kuvichanganya viwili hivi ndilo ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote. Katika kiwanja hicho kimo ni takriban futi 48.4, na eneo ni futi za mraba 4,841 badala ya 5,000. Jirani yangu alilitambua jambo hili siku fundi alipofunga kamba za msingi na kona ya chumba ikatoka nje ya kigingi, wakati fedha zilikwisha kulipwa.

Pima pande kwanza, ulalo baadaye. Ulalo kuwa sawa peke yake hakutoshi, kwa kuwa hata trapeza (umbo la pande nne lenye jozi moja tu ya pande sambamba) yenye miguu sawa ina ulalo sawa. Na ukitaka kuweka mstatili mpya ardhini, chukua kamba mbili zenye urefu sawa, uzifunge pamoja katikati kabisa, uzinyooshe zikatane, kisha upigilie vigingi kwenye ncha zote nne.