Chungwa la karafuu kwa watoto wa Sunday school

Hili ni chungwa linalochomekwa karafuu na kukaushwa ili linukie. Kila mtoto apewe chungwa moja dogo, gumu, lisilo na mchubuko. Chenza usilete: ganda lake limelegea na hupasuka likitobolewa. Karafuu ziwe na vichwa, kama 50 kwa mtoto.

Kosa kubwa ni kuwaachia wasukume karafuu kwa kidole gumba. Zikifika kumi, vidole vinauma na kazi imeishia hapo. Watoboe kwanza kwa kijiti cha kuchokolea meno, kisha wachomeke hadi kichwa kiguse ganda. Watoboe matundu matano matano, wachomeke, ndipo waendelee. Wakitoboa yote kwa pamoja, juisi inamwagika mezani. Waache nafasi ya upana wa kichwa cha karafuu, kwa sababu chungwa likikauka husinyaa na karafuu zilizobanana hupasua ganda. Msalaba au nyota hupendeza kuliko kujaza chungwa zima, na hutumia karafuu chache.

Mwishoni waligaragaze kwenye mdalasini wa unga, kijiko kimoja cha chakula. (Mdalasini ndio uliomo kwenye Kutoka 30:23, karafuu humo haimo, watakuuliza.)

Likaushwe penye upepo wiki mbili hadi tatu, ligeuzwe kila siku. Lisifungiwe kwenye mfuko wa plastiki, litaota ukungu. Pwani kwenye unyevu, tumia ndimu badala ya chungwa. Hukauka upesi zaidi.

Wanawe mikono kabla ya kugusa macho, maana mafuta ya karafuu huwasha. Walio chini ya miaka mitano wasipewe karafuu: wachore kwa bizari ya manjano iliyokorogwa na maji.