Besi ikivimba, pima tundu la hedfoni kwanza

Mpwa wangu aliniletea hedfoni zake za Sennheiser HD 598, zinapiga safi kwenye simu, lakini kwenye risiva (redio yenye amplifaya ya spika) ya zamani ya babu yake besi inameza sauti ya mwimbaji. Hedfoni hazikuwa na kasoro. Risiva nyingi za zamani hazina saketi ya hedfoni: umeme wa spika hupitishwa kwenye rezista kubwa, omu 100 na kuendelea, ndipo ufike kwenye tundu. HD 598 ni za omu 50, ila karibu na hezi 100, yaani kwenye besi, impidensi (ukinzani wake kwa sauti, unaopimwa kwa omu) hupanda mara kadhaa. Pale inapopanda, hedfoni hupata volti nyingi zaidi. Ndiyo besi hiyo.

Hatua ya 1. Soma omu za hedfoni kwenye boksi.

Hatua ya 2. Pima amplifaya, kwetu ni ya risiva. Chomoa hedfoni, chomeka plagi tupu kwenye tundu. Cheza wimbi la sine (mlio mmoja usiobadilika) la hezi 100 kutoka kwenye simu iliyounganishwa na risiva, pima volti za AC kati ya ncha ya plagi na shina lake, ongeza sauti hadi volti 0.5. Kuanzia hapo usiguse kitufe cha sauti. Unganisha rezista ya omu 33 kati ya ncha na shina, soma tena. Toa somo la pili kwenye la kwanza, gawanya kwa la pili, zidisha kwa 33: hizo ndizo omu za amplifaya. Kwetu 0.50 ilishuka hadi 0.11: omu 117.

Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima siku za nyuma. Ile mita ya manjano ya bei rahisi, AC yake inaanzia volti 200, haioni chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Majibu yake yalikuwa yanarukaruka nikadhani amplifaya imeungua. Azima mita yenye AC ya milivolti. Usitumie hezi 1000 pia, mita nyingi za kawaida zimetengenezewa umeme wa ukutani. Rezista ilehemu kwenye plagi. Ukiishika kwa vidole namba hazitulii, na ncha ikigusana na shina unaweza kuua amplifaya. Mwisho, rudia kwa hezi 50 na 400. Omu zikiwa nyingi zaidi kwenye 50, kuna kapasita (kifaa kinachozuia zaidi sauti nzito) njiani: ya maikrofaradi 220 peke yake inaleta omu 14 hivi kwenye hezi 50.

Hatua ya 3. Gawanya omu za hedfoni kwa 8. Omu za amplifaya zisizidi hapo. 50 kwa 8 ni 6 na kitu; 117 iko mbali mno.

Hatua ya 4. Kuongeza rezista nyingine sikushauri kabisa, inazidisha tatizo. Hedfoni za omu 300 kama HD 600 zingeathirika kidogo tu, takriban desibeli 1, na za planar (zenye utando bapa badala ya koni) hazijali kwa sababu impidensi yao imenyooka, haipandi kwenye besi. Mpwa wangu hakutaka kubadilisha hedfoni, kwa hiyo tulichukua sauti kwenye tundu za kurekodia nyuma ya risiva, tukaipeleka kwenye amplifaya ndogo ya hedfoni isiyofika omu 1. Kitufe cha sauti cha risiva hakifanyi kazi kwenye tundu hizo, anatumia cha amplifaya ndogo.