Kuvua besi na tilapia kwa chambo bandia katika Ziwa Naivasha

Besi mwenye mdomo mkubwa si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Aliletwa Ziwa Naivasha kutoka Marekani mwaka 1929, akaongezwa tena katika miaka iliyofuata, na tangu hapo amekuwa samaki anayewavutia zaidi wale wanaovua ziwani humo kwa fimbo na chambo bandia. Kwa kuwa ni samaki yuleyule, mbinu nyingi zilizobuniwa katika maziwa na mabwawa ya Marekani zinafaa Naivasha pia, mradi mvuvi azirekebishe kulingana na ziwa lenyewe, ambalo halina majira ya barafu, maji yake ni ya tope kiasi, kingo zake zimezungukwa na mafunjo, na ndani yake wamo viboko. Mwongozo huu ni kwa anayeanza. Nauandika nikiamini kwamba mgeni wa uvuvi huu hutumia fedha nyingi mno kununua chambo za kila rangi, na muda mchache mno kujifunza mahali samaki anapokaa.

Kabla ya yote, pata leseni ya uvuvi wa burudani. Uvuvi nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016, na ofisi ya uvuvi ya Naivasha ndiyo itakayokueleza sehemu za mazalia zisizoruhusiwa kuvuliwa na vipindi ambavyo uvuvi umefungwa. Uliza kila unapokwenda, kwa sababu masharti hubadilika.

Mahali besi anapojificha

Besi ni mviziaji. Hapendi kukimbiza chakula mbali katika maji ya wazi. Hutulia kando ya kitu kinachomficha, akakitokea kwa ghafla kinachopita karibu yake. Kwa hiyo swali la kwanza ukifika ziwani si chambo gani kifungwe, bali ni kitu gani ndani ya maji haya kinaweza kumficha samaki. Naivasha majibu ni mengi. Upo ukingo wa mafunjo, hasa pale unapojikunja na kuacha kihori kidogo. Vipo visiwa vya mafunjo na magugu maji vinavyoelea, ambavyo chini yake huwa na kivuli kizito. Zipo nguzo za gati. Tena, tangu maji yalipopanda sana kuanzia mwaka 2019 na 2020, ipo migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini, pamoja na nyua za mashamba zilizozama. Hayo yote ni maficho mazuri ajabu, na mimi ningeanza na migunga kabla ya mahali pengine popote, kwa kuwa shina moja lina kivuli upande mmoja, mizizi chini, na matawi yaliyoanguka kandokando.

Ukishapata mahali hapo, usirushe chambo juu yake moja kwa moja. Kirushe kipite maficho kwa mita moja au mbili, halafu ukirudishe polepole kikipita jirani ya shina au ukingo. Chambo kinachoanguka kwa kishindo kichwani pa samaki humfukuza, ilhali kile kinachomjia kwa pembeni huonekana kama kiumbe kilichopotea njia. Nahodha na asogeze boti kwa kasia, kwa maana injini ikiwashwa karibu na ukingo huharibu kazi yote.

Chakula cha besi hapa kina historia yake. Mwaka 1970 waliletwa ziwani kamba wekundu wa maji baridi wenye magando, asili yao Louisiana, nao wakazaana sana. Besi wakubwa huwala kwa wingi. Wadogo hutegemea zaidi wadudu na vifaranga vya samaki. Hii ndiyo sababu chambo chenye rangi ya hudhurungi au wekundu uliofifia, kinachotambaa chini, kinastahili nafasi ya kwanza katika sanduku lako. Na kwa kuwa maji ni ya tope na mara nyingi huwezi kuona hata mita moja kwenda chini, samaki hutegemea sana mtikisiko anaouhisi kupitia mstari wa hisia ulio ubavuni mwake. Chambo cheusi, au kinachotetemesha maji, humfikia pale ambapo rangi nzuri haionekani.

Vifaa

Fimbo ya mita 1.8 hadi 2.1, yenye ugumu wa wastani, pamoja na rili ya kawaida na mshipi unaostahimili kilo 5 hadi 7, vinatosha. Mshipi mwembamba zaidi utakatika kwenye mizizi ya mafunjo, na mzito kupita kiasi hautarushika vizuri. Fundo moja linatosha kulijua kwa dhati: kunja mshipi uwe mara mbili, upitishe katika tundu la ndoana, funga fundo la kawaida lililo legevu kwa kitanzi hicho, ndoana nzima ipite ndani ya kitanzi, ulowanishe kwa mate na uvute taratibu. Kulowanisha si desturi tu. Msuguano mkavu huunguza mshipi na kuudhoofisha papo hapo kwenye fundo.

Kuhusu chambo, kama ningeruhusiwa kimoja tu ningechukua mnyoo wa mpira wa urefu wa sentimita 15 hivi. Mnyoo wa aina hii ulianza kutengenezwa na Nick Creme huko Akron, Ohio, mwaka 1949, na bado sijaona chambo kinachoushinda kwenye magugu, kwa sababu ncha ya ndoana hufichwa ndani yake. Namna ya kuufunga ni hii. Pitisha kwanza kwenye mshipi chubwi dogo lenye umbo la risasi, la gramu 5 hadi 7, ncha yake nyembamba ikielekea juu kwenye fimbo. Funga ndoana yenye shingo iliyopinda, ya namba 2/0 au 3/0. Chomeka ncha ya ndoana katikati ya kichwa cha mnyoo, iingie kama nusu sentimita, uitoe ubavuni. Vuta ndoana yote ipite hadi tundu lake lizame kichwani. Sasa izungushe ielekee mwilini, iache ining'inie, uangalie pale mpindo wake unapogusa mnyoo: hapohapo ndipo ncha itakaporudi ndani. Mnyoo ukijikunja, toa uchomeke upya; uliopinda huzunguka majini, husokota mshipi, na samaki hauamini.

Ukiurusha, uache uzame huku mshipi ukiwa umenyooka kidogo tu, na macho yako yawe pale mshipi unapoingia majini. Wengi hung'ata wakati mnyoo unashuka, nawe hutahisi chochote mkononi. Utaona tu mshipi umeruka kidogo, au umeanza kwenda upande, au umeacha kuzama kabla ya kufika chini. Ukifika chini, subiri. Inua fimbo polepole hadi nusu ya njia, mnyoo utambae, kisha ishushe na ukusanye mshipi uliolegea. Katika kuinua huko utajifunza kutofautisha mambo kwa mkono: tope huvuta kwa ulaini, jani la mafunjo hujinyoosha na kuachia, shina la mti hukwama kwa ugumu, na samaki hugonga mara mbili kwa haraka. Ukihisi kugonga huko, punguza ulegevu wa mshipi, kisha ipige fimbo juu kwa nguvu, maana ndoana lazima ipenye mpira kwanza ndipo ifike kwenye taya.

Chambo nyingine zina kazi zake. Spina, yaani kile chenye jani la chuma linalozunguka, ni nzuri unapotafuta samaki katika eneo kubwa, na mtetemo wake unafaa maji ya tope. Popa huelea juu na kurusha maji unapoistua. Itumie alfajiri maji yakiwa shwari, ukiipumzisha baada ya kila mstuko mpaka viwimbi vyake vipotee. Asiyeweza kungoja afadhali asiitumie.

Nzi bandia

Nzi ni ndoana iliyofungwa manyoya au nyuzi ili ifanane na mdudu au kiumbe mwingine mdogo. Kuvua kwa nzi kunataka mazoezi kidogo, kwa kuwa nzi hana uzito na kinachorushwa kwa kweli ni mshipi mnene wenyewe. Fimbo hupelekwa nyuma na kusimamishwa ghafla, mshipi uachwe ujinyooshe wote, ndipo ipelekwe mbele na kusimamishwa tena. Kosa la kila anayeanza ni kuharakisha ile nafasi ya nyuma. Jifunze nyumbani kwenye nyasi kabla ya kwenda ziwani.

Kwa besi tumia fimbo ya namba 7 au 8 (namba huonyesha uzito wa mshipi inaoubeba), ambayo inaweza kubeba nzi wakubwa hata kukiwa na upepo. Nzi anayeitwa Clouser Minnow, aliyebuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania katika miaka ya 1980, anafaa sana hapa: ana macho mawili mazito ya risasi yaliyofungwa ili ndoana ielee ncha juu, hivyo hanasi ovyo kwenye magugu. Nzi mwingine, Woolly Bugger wa rangi ya hudhurungi, humwakilisha vyema kamba anayerudi kinyumenyume. Mrudishe kwa kuvuta mshipi kwa mkono wa pili, kipande baada ya kipande, fimbo ikiwa imeelekea majini. Samaki aking'ata, endelea kuvuta kwa mkono huohuo hadi ndoana iingie. Ukikimbilia kuinua fimbo utamnyang'anya chambo kinywani.

Tilapia ni shule nzuri zaidi kwa mkono wa mwanafunzi, na sioni sababu ya kuwadharau kwa udogo wao. Naivasha wapo wa aina kadhaa, na wengi hulisha kwenye maji mafupi. Midomo yao ni midogo, chakula chao ni mimea, mwani na lava wa wadudu, hivyo chambo cha besi hakina maana kwao. Tumia fimbo ya namba 4 au 5, mshipi wa mwisho mwembamba wa kilo 2 hivi, na nzi mdogo wa ndoana namba 12, hasa mwekundu anayefanana na lava wa usubi. Mning'inize chini ya boya dogo, kina cha nusu mita, uache viwimbi vimchezeshe. Tilapia hudonoa kwa upole; boya likisita tu, inua fimbo. Ukiona kwenye maji mafupi miduara myeupe iliyochimbwa kama sahani, hayo ni mazalia yao, na samaki anayeyalinda atashambulia karibu chochote. Naomba uwaache. Anayenaswa hapo anaacha mayai au vifaranga bila mlinzi.

Usalama na kumshika samaki

Ingia majini alfajiri, kuanzia saa kumi na mbili, na upange kuwa ufuoni kabla ya saa saba mchana, kwani upepo wa Naivasha huanza alasiri na mawimbi yake huisumbua boti ndogo. Vaa jaketi okozi muda wote. Katika mengi ya maji ya Marekani wavuvi wa besi hutembea ndani ya maji au huketi kwenye mpira unaoelea. Naivasha usithubutu kufanya lolote kati ya hayo, wala usitembee kwa miguu ukingoni mwa mafunjo. Kiboko hushambulia anayemkatia njia ya kwenda kwenye kina. Chukua nahodha anayelijua ziwa, na akisema mahali fulani hapafai, hata kama pana mgunga mzuri kuliko yote, ondokeni.

Besi akinaswa ataruka. Inamisha fimbo upande, karibu na maji, ili kumpunguzia nguvu ya kuruka, na usimruhusu arudi kwenye mizizi. Akichoka, mshike mdomo wa chini kwa kidole gumba. Meno yake ni madogo na makwaruzi, hayakati. Aliye mkubwa mshikilie pia chini ya tumbo, kwa mkono uliolowana, kwa sababu mkono mkavu huondoa ute unaomkinga na magonjwa. Tilapia naye mpapase kuanzia kichwani kwenda mkiani ili miiba ya pezi la mgongoni ilale. Kabla hata hujaanza kuvua, minya kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachoizuia isichomoke. Kazi ya kumtoa samaki inakuwa ya sekunde chache, na ya kutoa ndoana kidoleni mwako vilevile.

Unayekusudia kumla muue mara moja na umweke kwenye barafu. Unayemrudisha mrudishe palepale. Kamwe usimbebe akiwa hai kumpeleka kwenye bwawa au mto mwingine. Samaki wanaovuliwa leo Naivasha karibu wote wametokana na wale walioletwa na watu, na yule samaki mdogo wa asili wa ziwa hili hajaonekana tangu miaka ya 1960.

Ukirudi nyumbani, suuza chambo kwa maji safi, ukaushe ndoana zote, na usiiweke minyoo ya mpira pamoja na chambo za plastiki ngumu, kwani kemikali zake huziyeyusha. Vipande vya mshipi na mpira uliokatika vitie mfukoni hukohuko ziwani. Furukombe na mnandi hunaswa navyo.